Mtu Mmoja wa Mkono wa Kushoto

Nyumbani,
4 Februari

Kitinda,

Salamu nimezitanguliza, ingawa hukuzistahili. Nimekupigia simu mara nne wiki hii, na mara zote nne imeita mpaka ikachoka. Ndiyo maana nakuandikia. Barua huwezi kuikata.

Jana tumeitwa ukumbini kutoa maoni juu ya ile rasimu yenu ya sheria ndogo ya kuhifadhi majengo ya kale. Sema tumeitwa kukaa. Viti vilikuwa mia mbili, watu ishirini na sita, na kumi kati yao walikuwa wenzako wa halmashauri waliokuja kututazama tukiwa na maoni. Akasimama bwana mmoja wa tai, wanamwita mtaalamu, akawasha picha ukutani. Mara naona nyumba yetu, ile ile, na kanga ya Mama imeanikwa dirishani. "Jengo namba kumi na saba," anasema, "mfano mzuri wa roshani ya mbao." Miaka hamsini na mbili nimelala ndani ya mfano mzuri, na hakuna aliyeniambia.

Fundi saa akanyoosha mkono, akauliza kama sheria ikipita atakatazwa kuziba paa lake linalovuja. Yule bwana akamjibu kwamba hilo ni swali, na kikao ni cha maoni. Mzee wa watu akakaa. Kisha tukagawiwa fomu, na kila fomu ina mistari miwili ya kuandikia. Mistari miwili, Kitinda. Mimi nikipima suruali ya mtu naandika zaidi ya hapo.

Wanatuona mabwege, na sisi tukaenda kukaa kwenye viti vyao kuwathibitishia. Lakini sheria yenyewe naitaka, na nakuambia kwa nini. Yule tajiri tunayemwita Bwana Maghala amekwisha kuvunja nyumba mbili za mtaa wa nyuma na kusimamisha maghala yake. Juzi nimemwona mtu wake anazungukazunguka kwetu na futi kamba. Sheria ikipita, nyumba za mtaa huu hazibomolewi, auze nani, anunue nani. Isipopita, Mama ataamka siku moja asikie nyundo. Macho yake sasa yamefunga kabisa. Mtu anamjua kwa sauti, na nyumba anaijua kwa mikono. Ngazi zile kumi na tisa anazipanda bila kushikwa. Mpeleke kwingine, uone kama atatoka kitandani tena.

Wewe ndiye katibu wa kamati inayokusanya hayo maoni. Mara moja katika maisha yako uko mahali pa kufaa. Basi faa.

Dada yako


Makao Makuu ya Halmashauri,
11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Simu sikupokea kwa sababu ya vikao. Kazi ya katibu si kukaa mlangoni na sindano mdomoni, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Naomba unielewe. Mimi ni mtumishi wa umma, siwezi kuegemea upande. Kamati inapokea maoni yaliyoandikwa kwenye fomu, fomu moja kwa kila mtu, mpaka tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa sita mchana. Baada ya hapo tunahesabu. Wakizidi wanaounga mkono, rasimu inakwenda kwa madiwani. Wakizidi wanaopinga, inakwenda kabatini. Hiyo mistari miwili ni kwa faida yenu, maana watu wa mtaa ule mkipewa ukurasa mzima mtaanzia kwa babu zenu.

Na ukitaka kusikia la mdogo wako, si la katibu: unapigania nini pale? Mchwa? Nyumba ile inanikohoza tangu nikiwa mtoto, vumbi la mbao na vumbi la vitambaa vyako, na mpaka leo nikiingia tu kifua kinabana. Kuna nyumba za kisasa zenye vigae na maji ndani, chumba kiko chini, hakuna ngazi hata moja. Mama angezoea. Ninyi mmeona fahari kutokea kwenye picha ya mtaalamu, basi mnadhani mna jumba la kifalme.

Huyo mtu wa futi kamba usimsumbue. Alikuwa anapima ukuta wa nyuma tu, hana madhara.

Mdogo wako,
Katibu wa Kamati ya Maoni


Nyumbani,
24 Februari

Mheshimiwa Katibu,

Nimekiona cheo chako pale chini ya udugu, nami sitaki nionekane sina adabu.

Fomu zako zimejazwa. Ziko thelathini na nane, zimepanda basi la asubuhi, na stakabadhi ninayo. Mlizichapa kwa maandishi madogo kiasi kwamba nusu ya mtaa hawakuyaona, na nusu nyingine mikono inawatetemeka. Basi wakaja dukani kwangu, huyu na pindo la sketi, yule na suruali ya kupunguza, nami nikatoa pini mdomoni nikawaandikia walivyosema. Kila mtu ametia saini yake au dole gumba lake.

Kinyozi alisema, "Andika kwamba mtaa huu nimeunyoa wote." Nikamwambia hayo si maoni. Akasema wewe andika, wao wamesoma, watajua wayaite nini. Muuza vitabu anaunga mkono, ila mtaalamu aache kuliita duka lake "nafasi". Fundi saa anaunga mkono pote isipokuwa paani kwake. Mjane wa nyumba ya pembeni alisema yeye hana maoni, ana nyumba. Hilo nililipenda kuliko yote, na lilienea vizuri kwenye mistari yenu miwili.

Mama hakutaka kuandikiwa. Anasema ya kwake atayasema kwa mdomo wake, mbele ya mtu.

Sasa nina swali moja. Mimi nilikuandikia kwamba mtu wa Bwana Maghala alikuwa anazungukazunguka na futi kamba. Sikusema amepima wapi. Wewe uliye mbali, mwendo wa saa tano kwa basi, umejuaje kwamba ni ukuta wa nyuma?

Dada yako,
wa sindano mdomoni


Makao Makuu ya Halmashauri,
7 Machi

Dada,

Shikamoo. Nasikitika kukuarifu kwamba fomu zenu zimepata tatizo. Kanuni ya nne ya kukusanya maoni inasema hivi: fomu zilizojazwa kwa mwandiko mmoja zitahesabiwa kuwa maoni ya mtu mmoja. Imewekwa kuzuia ujanja. Dole gumba haliwezi kubadilisha mwandiko.

Nisikufiche, mwenyekiti alikuwa amezipitisha. Mimi ndiye niliyesema. Ningeachaje kusema? Mwandiko wako naujua kuliko uso wangu. Unaandika kwa kushoto, na herufi zako zote zimelalia nyuma kama watu waliochoka kusimama. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa, hata kama inamgusa dada yangu.

Kwa hiyo thelathini na nane zimekuwa moja. Wanaopinga ni ishirini na wawili. Tarehe kumi na saba kamati inafunga hesabu, na rasimu inakwenda kabatini. Ungeniuliza kwanza ningekueleza utaratibu. Lakini wewe huulizi, wewe unajua. Nyumba nzima ile, tangu zamani, wa kujua ulikuwa wewe.

Kuhusu ukuta wa nyuma, nilikisia tu.

Msalimie Mama.

Katibu wa Kamati ya Maoni


Nyumbani,
14 Machi

Kitinda,

Jana nilikuja huko. Usishtuke, hukuwepo. Nilipouliza wakaniambia uko semina. Nikauliza semina ya nini, wakaniambia ya uwazi.

Mlangoni kwenu mmebandika tangazo kwamba mwananchi yeyote anaruhusiwa kusoma maoni yaliyokusanywa, kuanzia saa tatu hadi saa sita. Inaonekana sijatanguliwa na mwananchi yeyote, maana yule mama wa masijala alitafuta ufunguo mpaka chini ya birika. Akanikalisha dirishani na majalada mawili. La kwanza lilikuwa la watu wangu. Nikalifunga, nikafungua la hao ishirini na wawili.

"Mtaa huu ni uchafu." "Majengo haya yanarudisha nyuma maendeleo." "Sisi wakazi tunahitaji maghala." Mkazi gani huyo anahitaji ghala, akalale kwenye magunia? Majina yenyewe hakuna hata moja ninalolijua, na mimi mtaa ule nimeupima viuno wote. Na kila fomu mistari miwili imejaa barabara, na karibu zote herufi zimelalia nyuma.

Mtu wa mkono wa kulia haandiki hivyo, labda awe amefundishwa na mtu wa mkono wa kushoto. Nilikufundisha mimi, juu ya meza ya kukatia, kwa chaki ya nguo, ukiwa na miaka mitano. Nilikushika mkono ukafuata mkono wangu ulivyoegemea, na Mama alinigombeza, akasema nitakuharibu. Naona ulijaribu kujificha. Fomu tatu za kwanza umezisimamisha herufi kwa nguvu. Ya nne ukachoka. Halafu mtu huyo huyo ndiye anayechokonoa kanuni ya nne mbele ya kamati ili aniaibishe mimi. Umesoma, Kitinda, lakini akili hukupata.

Fomu ya ishirini na mbili haina jina, ina namba ya nyumba tu, kumi na saba. "Mwenye nyumba anapinga sheria hii. Nyumba imekwisha kupata mnunuzi." Nimeisoma mara tatu. Hati iko kwa jina lako kwa sababu marehemu Baba aliona mtoto wa kiume ndiye mwenye kwao. Sikusema neno miaka yote hiyo. Sikudhani karatasi inaweza kumtoa Mama chumbani kwake. Kumbe ukuta wa nyuma hukuukisia, wewe ndiye uliyemtuma mtu akaupime.

Nikaomba karatasi, nikamwandikia mwenyekiti wako kwamba naomba kanuni ya nne itumike kwa majalada yote mawili. Nimetia saini na namba ya nyumba. Jina lako sikulitaja, herufi zitamtosha.

Watu niliowadharau maishani ni wengi, na wengi wao walistahili. Sikudhani nitafika mpaka kwako.

Dada yako


Makao Makuu ya Halmashauri,
19 Machi

Dada,

Nadhani umefurahi. Juzi fomu zote sitini zilimwagwa mezani. Wakazipanga, wakazipangua, wakamwita na mama wa masijala na miwani yake. Wakashindwa kutenganisha zako na zangu. Mwisho mwenyekiti akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma taarifa: "Kwa mujibu wa kanuni ya nne, kamati imepokea maoni ya mtu mmoja, wa mkono wa kushoto, ambaye mara thelathini na nane anaunga mkono na mara ishirini na mbili anapinga. Kamati inamshauri aamue." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Niliandika na hilo la kucheka.

Kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti ameamuru maoni yakusanywe upya, kwa mdomo, mtaani penyewe, tarehe mbili Aprili. Atauliza yeye mwenyewe. "Na katibu ataandika," akasema, macho yakiwa kwangu. "Tunamwomba aandike wima."

Basi ndiyo, ni kweli. Nilitia saini na Bwana Maghala tangu Desemba. Mkataba unasubiri sheria. Ikifa, anabomoa. Ikipita, mkataba umekufa. Nilikuwa nimepata mahali pa Mama, chini, pana vigae. Ningewaambia, lakini wewe huambiliki. Tangu utoto wangu ninyi watu wa nyumba ile mmeniona mgeni anayekohoa. Nimekwenda shule, nimepata kiti, na bado nikija unaniangalia kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Nimechoka kudharauliwa na watu wanaokaa kwenye mbao mbovu.

Nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie Mama. Nitakaa, nitaandika, nitaondoka. Sitatoa sauti. Hatajua kama nilikuwepo.

Mdogo wako


Nyumbani,
25 Machi

Mdogo wangu,

Halmashauri imeleta barua kwamba haina meza ya kuja nayo. Tutawatolea meza ya kukatia, tuiweke nje mbele ya duka. Nimeshaifuta chaki.

Mama sijamwambia, wala si kwa ajili yako. Tangu asikie kamati inakuja, hana habari nyingine. Kila anayeingia dukani anaambiwa kwamba mwanawe yuko kwenye kamati hiyo, kwa hiyo watu wasiwe na wasiwasi. Sina mdomo wa kumwambia. Kama wewe unao wa kukaa kimya mbele ya mama yako mzazi, kaa. Sitakutaja. Yeye ndiye namba moja kwenye orodha.

Njoo na leso. Vumbi bado lipo.

Dada yako


Makao Makuu ya Halmashauri,
6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili.

Ya kwanza ni nakala ya ukurasa wa mwanzo wa taarifa ya tarehe mbili. Ulikuwa umesimama upande wa pili wa meza na mikono umeikunja, ukaniona naandika muda mrefu ilhali Mama alisema maneno machache. Nilivyoandika ni hivi:

"Maoni namba moja, mama wa nyumba namba kumi na saba. Aliuliza kwanza kama mwanawe, aliye kwenye kamati hii, amekuja. Hakujibiwa. Akasema: Basi mkirudi huko muulizeni yeye. Nyumba hii anaijua, kazaliwa chumba cha juu. Hawezi kukubali ibomolewe. Atakalosema yeye ndilo langu, andikeni hivyo.

"Katibu anaeleza kwamba yeye ndiye mwana aliyetajwa, na kwamba alikuwepo. Aliiuza nyumba hiyo kwa siri, na aliandika fomu ishirini na mbili kwa majina ya watu wasiokuwepo. Sasa ameulizwa, na anajibu kwamba anaunga mkono sheria. Anajiuzulu ukatibu kuanzia leo."

Mwenyekiti alisoma garini tulipokuwa tunarudi. Hakucheka. Alitia saini, akanirudishia kalamu. Mtaa mzima umeunga mkono, isipokuwa fundi saa na paa lake, na rasimu imekwenda kwa madiwani pamoja na ukurasa huo. Wataujadili mbele ya watu na kila mtu atajua.

Karatasi ya pili ni barua yangu kwa Bwana Maghala, ya kuvunja mkataba bila kusubiri madiwani. Amekwisha kunipigia simu na kuniita majina ambayo hata wewe hujawahi kuniita.

Sijui kama hayo yanatosha. Mama alipouliza kama nimekuja, mwenyekiti alinitazama, kinyozi alinitazama, mtaa mzima ulinitazama, na palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema nipo. Nikakohoa. Nilitaka kusema, Dada, kikatoka kikohozi.

Nilipoondoka, Mama aliuliza chochote?

Kitinda


Nyumbani,
12 Aprili

Kitinda,

Nimezisoma zote mbili. Maelezo yako yamezidi mistari miwili, lakini safari hii nakuachia.

Usidhani nimekusamehe. Zile fomu ishirini na mbili ninazo kichwani, na ile ya mwisho naweza kukusomea nikiwa nimelala. Nenda ukaibadilishe hati iwe kwa jina la Mama, halafu ndipo unitumie salamu. Mchwa wapo, hapo hukusema uongo. Kinyozi ameleta dawa, tunapiga Jumamosi.

Mama aliuliza. Gari lenu lilipoondoka alikuwa anapanda juu, nami nipo nyuma yake. Alipofika ngazi ya saba akasimama. Akauliza yule aliyekuwa anakohoa pale mezani ni nani. Nikamwambia ni karani tu wa kamati. Nilisema kwa dharau yangu yote, maana siku ile kwangu hukuwa zaidi ya hapo.

Akapanda ngazi mbili nyingine, mkono ukiwa ukutani. Kisha akasema, "Mwambie huyo karani, siku nyingine akija kwangu asalimie."

Nimekufikishia.

Dada yako